Kauli ya Kutendwa

Kabla sijawa karani wa mahakama hapa Kimilili
nilifundisha Kiswahili, darasa la saba, miaka tisa,
na somo nililolipenda ni mnyambuliko.
Piga, pigia, pigwa, pigana.
Watoto waliitikia, nami nikagonga meza kwa rula.
Oa, nikasema. Wavulana: naoa!
Wasichana: naolewa!
Mmoja tu, Nafuna, binti wa muuza mkaa wa Kamukuywa,
aliuliza kwa nini ile w ndogo
ni wao peke yao wa kuibeba.
Nikamwambia, kaa chini.

Leo Khaoya Wabomba kaingia kizimba cha mashahidi,
fundi wa kuchomelea mageti, mabega kama mlango wa ghala,
mkono wa kushoto umeviringwa leso ya mama yake.
Ombi la amri ya ulinzi. Nambari nane kwenye orodha.
Wakili Sitawa akasema: Ieleze mahakama.
"Maji yalimwagika."
Hakimu akainua miwani: Yenyewe?
"Yalikuwa ya ugali. Yalikuwa yamechemka."
Yalikuwa wapi, yakafikaje shingoni?
Akaitazama kalenda ya kampuni ya mbegu ukutani,
mwezi wa Machi, mhindi mmoja mnene unaotabasamu.
Nami kalamu juu,
nasubiri kitenzi.

Namjua. Agosti ile, alfajiri ya baridi,
alitoka mtoni na matope mwili mzima
akasimama uani kwao, kisu kikapita,
ukope haukucheza.
Shangazi zake walikuwa wakimkagua ukope huo.
Hadi leo hasemi nilikatwa.
Husema: nilisimama.

Kituoni, kwenye dawati la jinsia,
askari alicheka mpaka chai ikampalia.
Akaandika: ajali ya jikoni.
Akamshauri anunue sufuria yenye mfuniko.

Msinisome vibaya. Dada yangu Nelima
nilimtambua kwa kidole cha mguu, mochari ya Webuye,
maana uso mumewe hakuuacha.
Basi Sitawa alipoleta jalada hili
nililipokea kwa vidole viwili, kama kitu kilichooza.
Nikamuuliza: Umehama?
Akaketi kwenye benchi la washtakiwa, viatu kavua, miguu imevimba,
akasema ana majalada kumi na manane,
kumi na saba ni ya akina mama,
na Katiba aliisoma yote akitafuta mahali
palipoandikwa kwamba ngozi ya mume haiungui.
"Imeandikwa kila mtu," akasema. "Mtu, Karani.
Wewe si ndiye mwalimu wa lugha?"

Usiku huo sikulala vizuri.
Nilikuwa nikiandika kichwani: alimmwagia.
Nani? Nani?
Neno halisemi. Halikuvaa sketi wala suruali.
Lugha yangu ilikuwa imejua muda wote
na mimi, na rula yangu, ndiye niliyeigawa darasani,
upande wa dirisha na upande wa mlango.

Sasa Nasambu, mkewe, anafumba na kufumbua mkoba.
Zamu yake itafika, naye ana yake,
nayo nitayaandika, hata yale ya kumuuma Khaoya.
Hakimu anarudia, polepole, bila hasira:
Bwana Wabomba, wewe ulifanyaje?
"Mimi sikufanya."
Kimya. Nje mtu anapiga honi ya bodaboda.
"Ni… nilimwagiwa."

Mtu mmoja nyuma akaguna, cheko lililokosa mlango.
Hakimu akamtazama hadi likafa.
Nikaandika. Mkono ulitetemeka kidogo kwenye ile w,
ikatoka kubwa kuliko wenzake.

Alichouliza baadaye hakikuhusu shingo:
je, Jumapili atawaona watoto,
kwa maana mdogo hajui kufunga kamba za viatu
na ni yeye humfungia.
Sitawa akasimama, akaomba hilo nalo.
Kesi itatajwa tarehe kumi na nne.

Jioni nimefunga kabati la majalada
nikamkumbuka Nafuna. Atakuwa mtu mzima.
Nilimwambia kaa chini.
Sidhani alikaa.