Utando wa Ishirini na Sita

Wa kwanza ulibanduka ulipooshwa mara ya tatu,
kama rangi ya kucha.
Wa pili ulifika mara ya kumi na moja, ukapasuka ukingoni,
na Nabukeera akaandika daftarini: Bado,
akapiga mstari chini yake, akaenda kununua chapati.

Nyuma ya gereji ya Lubowa, hapa Ndeeba,
mfereji hauna haraka.
Umebeba oili nyeusi ya malori ya Masaka,
dizeli, grisi, povu la sabuni,
na jua likiupiga unavaa rangi za shingo ya njiwa
hata mgeni akausifu.
Unashuka. Kila kitu Kampala hushuka,
na ziwa, huko chini, halina pa kushushia.

Sasa tazama huu:
wavu wa chuma kutoka kwa mafundi wa Katwe,
wenye matundu ambayo jicho langu linayakana,
umepakwa ute wa majivu ya makapi ya mpunga wa Bugiri
na dawa ambayo jina lake linanishinda.
Yeye huuita mpako. Mimi husema ngozi.

"Hauchukii mafuta," Nabukeera aliniambia.
"Umeyapenda maji tu. Umeyapenda
hadi yamejaa mlangoni,
na mafuta yakija hayapati pa kukanyaga."

Lakini una sharti: uuloweshe kwanza.
Jumanne ile nilisahau.
Simu inaita, mteja anafoka,
nikaumiminia ukiwa mkavu
na oili ikaingia kama mwenye nyumba.
Tuliusugua hadi giza. Haukurudi.
Hakunigombeza. Aliandika:
Wa 25. Kosa la binadamu,
bila kumtaja binadamu.

Huu wa sasa tumeutesa.
Mchanga wa Lwera siku nne mfululizo,
siki, chumvi, maji yanayochemka,
utepe wa gundi, bandika, bandua, bandika,
mpaka Lubowa akatoa kichwa chini ya gari:
"Hata anayeposa hatahiniwi hivi!"

Leo ni mara ya mia mbili na nane.
Naumiminia ndoo ya mfereji.
Kimya.
Kisha chini, tone.
Tone. Halafu uzi mwembamba wa maji, haukatiki,
na juu mafuta yamebaki yakitetemeka,
duara zito lenye uso wangu ndani yake.

Si ya kunywa, ananikumbusha, kwa sauti ya mwalimu;
yaliyoyeyuka hupita pamoja na maji,
utando haujui kila kitu.
Najua. Lakini nainua glasi dirishani
na ng'ambo yake nasoma kibao cha muuza matairi,
herufi zote, hadi namba ya simu.

Nabukeera ananusa. Anaandika 208.
Haandiki Bado.
Kalamu inakaa hewani kidogo, kisha anaifunga.
Nje mfereji unaendelea, hautungoji.
"Lowesha," anasema.
Nalowesha.