Robo Eka ya Matope

Shemeji yangu Aminieli aliipima kwa miguu,
viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini:
hatua sabini urefu, thelathini upana.
"Robo eka nzima," akasema, "imelala bure.
Tung'oe hayo matete, tukaushe,
msimu ujao tuna magunia sita."

Sikumjibu. Ninashika ufunguo wa lango la mfereji
hapa Chekereni, mwaka wa kumi na moja sasa;
nimezoea watu wanaopigia hesabu
mahali wasipopajua.

Maji hushuka toka mlimani na baridi yake,
yakapita jaruba la Kisamo, jaruba la Mama Ndeshi,
jaruba langu, ambalo nalo nililirushia urea
kama mtu anayelisha kuku wa mgeni.
Mpunga hula unachoweza.
Kinachobaki huyeyuka. Hakina rangi, hakina harufu,
hushika njia na maji kimyakimya
kuelekea Kahe, visimani.
Binti yangu anateka huko.
Ana mtoto wa miezi miwili, wa maziwa ya kopo.

Mwezi wa tatu akaja Nakundwa, mpima maji,
mabuti ya mpira, chupa kumi na mbili
ndani ya kreti la soda.
Akachovya kikaratasi pale maji yanapoingia mateteni:
kikaiva waridi, rangi ya ufizi.
Akazunguka mpaka yanapotokea, akachovya kingine.
Tukasubiri. Kikabaki karibu cheupe.

"Nani kaila?" nikauliza.
Nilidhani ni matete, maana yamenenepa.
"Matete yanaonja. Zaidi yanapika.
Walaji wako chini."

Akazamisha mkono mpaka kiwiko,
akatoa donge jeusi linalonuka yai viza.
Humo, akasema, hewa haifiki.
Wewe na mimi tungezimika
kama koroboi lililofunikwa sufuria.
Bakteria wana ujanja wa wenye dhiki:
wakikosa oksijeni ya kuvuta
huichomoa ndani ya naitreti,
hushushia na majani yaliyooza,
wakaishi.

Na mabaki?
Hewa. Naitrojeni, ileile
iliyojaa juu ya bati langu na la jirani,
ambayo kiwanda fulani, mbali, kiliikamata kwa moto,
ikafungwa mfukoni, ikapanda meli, ikapanda lori,
ikafika dukani kwa Mushi,
nikaikopa.

Niliinama ukingoni. Kipovu kikapanda,
kikasita chini ya jani, kikapasuka.
Haya, nikasema moyoni, deni langu
limerudi kwao bila mimi kulilipa.

Nakundwa hakucheka. Alikuwa anafunga chupa.
"Usiwafanye waganga. Maji yakipita mbio
hawawahi kuyashika. Ukiwazidishia
huacha kazi njiani, ikatoka hewa nyingine,
ya kuchemsha dunia. Punguza mfukoni kwanza."
Akaandika namba, akaenda kwa Kisamo.

Tangu hapo lango nalifungua mizunguko minne,
zamani tisa. Watu wananiita bahili.
Urea nimeigawa mara tatu, kiganja kwa kiganja,
na sijui kama naigawa sawasawa.
Usiku mwingine, mbu wakininyima usingizi,
nasikia matete yakisuguana
na chini yake sisikii kitu,
na hicho kitu nisichokisikia
ndicho kinachofanya kazi.

Aminieli alirudi na jembe.
Nikampa kikaratasi, achovye mwenyewe, juu na chini.
Aliviweka viwili kiganjani, akavitazama sana.
"Hata hawaonekani," akasema,
akaliegemea jembe, hakulima.

Lakini hajasahau. Kila mavuno
tukishona magunia hunidai yale sita,
mbele za watu, kwa sauti.
Namwambia yapo, shemeji.
Yamepaa.