Kizima-sauti Kisicho Kizima

Alikuja Jumanne, mlinzi wa mbuga, kutoka huko Upemba,
jina lake Kyalwe, akiongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto:
"MAMA FUNDI! NDIYE WEWE MKEREZAJI?"
Nikamjibu kwa sauti ileile, maana mimi pia
sikio la kushoto nimeliacha kwenye mashine hii,
na baba kabla yangu aliyaacha yote mawili.
Majirani wa Katuba walidhani tunagombana.

Akafungua kitambaa. Ndani, bomba la kijivu,
urefu wa muhogo wa wastani.
Nikaliinua, mkono ukapaa wenyewe,
kama mguu unapopanda ngazi gizani
na kumbe ngazi zimekwisha.

"Ni titani. Kizima-sauti cha bunduki.
Tulipewa kumi na viwili, vyepesi, kwa ajili ya milima.
Ukitembea siku tisa, kila gramu inakuita kwa jina."

Nikakigeuza. Ubavuni, ufa mwembamba,
unywele ulioachwa kwenye sabuni.
Kizima-sauti, nikasema, lakini si kizima.
Hakusikia. Ikabidi niurudie mzaha kwa kupayuka,
na mzaha ukipayukwa hufa.

Nikakikata kwa diski, kwa urefu, polepole.
Cheche zilitoka nyeupe, si manjano kama za chuma tulichozoea,
nyeupe pepepe, hata Kyalwe akarudi nyuma hatua mbili.
Kikafunguka kama ganda la karanga:
vyumba saba,
kuta saba zenye tundu katikati.
Ukuta wa kwanza ulikuwa umeliwa,
kingo zimemong'onyoka kama jino la mpenda sukari.
Wa pili umekwanguliwa. Wa tatu una makovu.
Wa saba bado ulikuwa na mistari ya mashine,
mpya, haujui lolote,
mzaliwa wa mwisho katika nyumba ya mlevi.

"Ulipiga mfululizo," nikamwambia.

Akatazama viatu vyake.
"Siku ile ilibidi."
Magazini manne, akasema, bila kupumua.
Kikaiva chekundu kwenye majani, wakaona nilipo.
Kisha kikapasuka, na risasi iliyofuata
ikatoka na mlio wake wote,
kama tusi lililobanwa wiki nzima.
Sikio hili lilifungwa hapo.
Na Kalenga, aliyekuwa kulia kwangu —

Hakumaliza. Mashine ilikuwa imezimwa.
Sikuuliza.

Nikachukua kipande, nikamweleza ninachokijua:
metali hii ni hodari penye baridi,
lakini moto ukiishika haujui kubembeleza.
Ukuta mwembamba hauna pa kuuficha moto,
unaumeza wote, unalegea, unachanika.
Waliokichora hawakukosea hesabu.
Walihesabu risasi ya mtu mtulivu:
moja, subiri; nyingine, subiri.
Wahenga walisema rahisi ni ghali.
Chepesi hawakukitia kwenye mizani.

"Basi nikerezee kingine," akasema. "Kizito. Nitakibeba."

Nikamwonyesha rafu yangu:
bushi za pampu, shafti za vinu vya mahindi,
vitu vinavyopiga kelele mtaa mzima
watu wakajua unga unasagwa.
Hivi tu, baba Kyalwe. Kingine sijui.
Alinielewa, au alijifanya.
Hela ya kukata sikuipokea.

Nusu moja aliichukua kwa ajili ya ripoti,
nusu nyingine akaniachia mezani.
Nikaikandamizia risiti zangu, pale dirishani.
Ulipofika upepo unaotangulia mvua ya Novemba
ukazizoa risiti zote, na yenyewe pamoja nazo.

Nilisikia ikigonga lami.
Hapana, sikusikia. Niliona tu
mtoto wa Chola akiinama kuiokota.
Akaijaza mchanga, chumba kwa chumba,
chumba cha kwanza kikawa kinavuja.
Akaifunga kamba, akaivuta kama lori la madini
linalopanda mlima,
na mdomo wake, niliuona kabisa,
ulikuwa unanguruma.