Stakabadhi ya Mabati

Karani wa mahakama ya mwanzo
ameuliza tena, kalamu ikining'inia:
"Wewe ni nani wa marehemu?"

Fomu ina mke, ina mtoto, ina ndugu.
Mimi ni miaka kumi na moja ya kumfungulia mlango Mihayo
akitoka karakana ya reli, grisi hadi viwikoni.
Mimi ni mabati thelathini na mawili
niliyonunua kwa asali ya Sikonge, ndoo kwa ndoo;
stakabadhi, kwa mapenzi au kwa ujinga,
nikasema waandike jina lake.

Nyamizi yule pale, bahasha ya kaki mapajani,
cheti cha ndoa kimekunjwa mara nne.
Alirudi kwao Nzega hata msingi haujachimbwa.
Talaka? Mihayo alisema mwakani,
baada ya ada, baada ya mvua,
mwakani.

Simchukii.
Juzi, msibani, mwenye nyumba huyo
alizunguka ua mzima wa Isevya akitafuta choo,
ikabidi nimwonyeshe mimi.

"Mama, nakusubiri."

Andika basi, mwanangu,
kama kuna nafasi pembeni:
anayejua paa linavuja wapi.