Picha ya Alhamisi

Famau wa studio, pale Langoni,
katuwekea mbili kwenye kompyuta:
moja ya rangi, moja nyeusi na nyeupe.
Hakuna aliyejipanga. Swabra anamfukuza paka,
mimi mdomo umejaa mkate wa sinia,
Baba kageuka, anacheka kitu
ambacho sote tumekisahau.

"Ya rangi imechafuka," asema Famau.
Kweli: ndoo ya kijani, kanga za jirani kambani,
achari kwenye shati langu.
Ile nyingine imetulia. Ndoo haina makuu,
achari imekuwa kivuli,
na macho ya Baba ni meupe.

Meupe.
Siku ile yalikuwa manjano kama bizari
nasi tukasema ni usingizi.

Nikataka kuchagua upesi, tuondoke.
Mama, juzi tu katoka eda, akanishika mkono,
akakisogelea kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu.

"Ya sebuleni iwe hiyo isiyo rangi,
wageni wamwone mzima.
Ya rangi nitilie bahashani.
Na macho usiyaguse, Famau."