Mvumo

Redio haikuletwa kwangu; mimi ndiye niliyepelekwa kwake,
maana kabati lile liliingia kabla ngazi haijajengwa upya
na sasa halitoki ila kwa kuvunja ukuta wa mtu.
Mkomani, ghorofa ya pili, chini ya vidaka vitupu
ila kikombe kimoja cha kichina na chaja ya simu.

"Inavuma," alisema Bi Somoe. "Inavuma, kisha inanuka."
Hakusema nirekebishe lipi.

La kwanza, Famau: chomoa.
La pili, usiamini kwamba umechomoa.
Fuata waya kwa jicho hadi uione plagi mkononi mwako.
Vua saa. Mkono mmoja ufanye kazi,
wa pili utie mfukoni.
"Sina mfuko. Nimevaa kikoi."
Basi uweke mgongoni, kama mwenye shamba akihesabu minazi.
Umeme ukipata mikono miwili hukata njia kifuani,
na moyo hauna fyuzi.

Nyuma ya kabati: mayai ya mjusi,
nyumba ya nyigu juu ya transfoma,
valvu tano zimesimama kwenye vumbi
kama vichupa vya marashi vilivyosahauliwa arusini.
Na kapasita mbili, nene kama gumba langu,
zimetoa usaha mweupe.
Hewa ya hapa hula bawaba, hula misumari,
ingeziacha hizi kwa nini?

Kapasita ni mtu wa kinyongo.
Umezima, umechomoa, umekunywa kahawa,
naye bado amekishikilia ulichompa alfajiri.
Aliyenifunza kazi hakunieleza hili;
alinionyesha kidole chake cha shahada,
ncha laini kama ya mtoto, haina alama.

Rezista kwenye kijiti cha plastiki. Gusa. Hesabu ishirini.
Mita ikasema mia na sitini.
Gusa tena. Arubaini.
Tena. Mbili.
Tena, ingawa Famau aliona ninampotezea wakati.

Nikalehemu mpya mahali pa zile za zamani,
chanya kwa chanya, nikaangalia mara mbili.
Waya wa ukutani nao nikautupa,
mpira wake ulikatika kama kashata kuukuu.

Hatukuiwasha ghafla.
Tuliweka balbu ya wati sitini njiani, kati ya ukuta na redio:
ikiwaka kali na kubaki kali, kuna panapokula, zima.
Iliwaka. Ikasita. Ikafifia
ikawa kaa la chetezo.
Famau akasahau, akatoa mkono mgongoni, nikamtazama, akaurudisha.

Kioo cha stesheni kikapata manjano:
Nairobi, Kairo, Adeni, Bombei,
miji imepangwa kama bei za dukani.
Kisha mwanamume wa Kisomali, mbali,
akisoma bei ya ngamia au majina ya waliokufa, sikujua.
Sauti safi. Nyuma yake, kimya.

Bi Somoe akainamisha sikio.
"Mbona haivumi yeo?"

Nimeiponya, Bi. Mvumo ule ulikuwa maradhi. Mwisho wake moto.

"Bwana Shee alizima taa, akashusha sauti hata ikaisha,
mvumo akauacha. Miaka thalathini na mbili.
Hata alipokwenda, haukwenda.
Nitalala vipi yeo?"

Famau akakagua kucha zake.
Nakiri niliwaza. Kapasita moja dhaifu,
dhaifu kidogo tu, nani angejua?
Nikaangalia juu, boriti za mikoko,
kavu tangu enzi za babu zao,
na godoro la sufi pale ubavuni.
Hapana, nikasema, nikaona nimesema kwa ukali.

Alinilipa, akadai chenji yake, akaihesabu.
Kisha akanyoosha kiganja:
"Basi nipa zile mbovu."

Nilikuwa nimeshazitia mfukoni.
Nikazitoa, nikaunganisha miguu yake kwa waya,
mara moja, mara mbili,
zilikuwa tupu tangu asubuhi, nilijua,
nikaunganisha mara ya tatu,
ndipo nikamwekea mkononi.