Bado

Wimbo ule Newala nzima tuliucheza kabla ya kuujua.
Harusini kwa Asumini uliwekwa mara nne,
matarumbeta yakakaa pembeni kuupisha,
na shangazi Nantimbo akazungusha kiuno
hadi kitenge kikamwomba radhi.
Kiitikio tulikiimba kwa masikio yetu wenyewe:
laiti, laiti,
tukidhani Mzungu naye anajuta kama sisi,
laiti ningalijua, laiti ningaliwahi.

Mpaka Mwalimu Nandonde alipofungua darasa la jioni
ghalani kwa chama cha msingi, msimu umekwisha,
kati ya magunia matupu na mizani iliyolala.
Tulikuwa kumi na mmoja: mimi karani wa kupima,
Chikope wa bodaboda, dada wawili wa duka la dawa,
na wengine waliokimbia ukungu tu.
Mimi nilitaka Kiingereza cha kubishana na mnunuzi
anaposema korosho zetu zina unyevu.

Hakuanza na vitenzi.
Aliweka simu ndani ya ndoo ya bati ili isikike,
akasema: leo sikilizeni, msicheze.

Laiti, akasema, ni taa.

Tukacheka. Chikope akasema basi
tumejuta bure miaka mitatu.
Ndipo akatueleza wimbo ulikotoka:
mji wa baridi, wanaume wanachimba makaa chini ya ardhi,
mke anatundika taa dirishani
ili mume apande kilima akiiona.
Siku moja shimo likafumba mdomo.
Mke akaendelea kutundika.
Binti yao alipokua ndiye aliyeimba,
na mdundo ule wa haraka, tuliouvunjia viuno,
ni miguu ya mama yake ikipanda na kushuka ngazi.

Asumini alikuwepo. Aliangalia pete yake,
akaigeuza upande wa pili.

Kisha sarufi.
Kiingereza, kumbe, hakikuachii upite:
lazima useme jambo limekwisha au linaendelea,
na mke yule, ubeti hadi ubeti,
anakataa kusema limekwisha.
Mwalimu aliandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma:
anakuja. Si alikuwa anakuja.
"Hapa," akagonga, mlango ukalia,
"hapa ndipo wimbo wote ulipo."

Nikamsimulia mama usiku ule
akijipaka majivu mikononi kabla ya kubangua.
Katikati niliona ninakoelekea,
lakini hadithi ikishashika mteremko haina breki.
Baba alivuka Ruvuma mwaka wa mvua nyingi
kufuata mawe mekundu upande wa pili.
Alisema atarudi kabla mikorosho haijachanua.
Imechanua mara sita.

Mama akabangua tatu, nne.
"Huyo mwanamke," akasema,
"mafuta ya taa alinunua kwa nani? Miaka yote hiyo?"
Nikasema mwalimu hakueleza.
"Muulize. Hadithi isiyo na bei ya mafuta
imesimuliwa na aliyekuwa amelala."

Baadaye, bila kuinua uso:
"Na bado, wao husemaje?"

Nikamwambia wanayo maneno mawili:
moja la jambo linaloendelea,
moja la jambo lisilofika.
Lazima uchague kabla hujafungua mdomo.

Akapuliza majivu kwenye kiganja.
"Maskini," akasema. "Lugha kubwa hivyo."

Nje jirani akapita na ndoo yake ya maji,
akauliza kama anavyouliza kila jioni,
kwa adabu, bila kutaja jina la mtu:
Vipi, bado?

"Bado," mama akajibu,
akasogeza ungo karibu na taa.